Almasi tatu za fundi

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni fundi wa magari, Barabara ya Kirinyaga. Mteja amenishikilia kwamba alama ya Mitsubishi ilitokana na nembo za koo za Kijapani. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Mwanzilishi, Iwasaki Yataro, alitoka Tosa, jimbo la zamani la Japani. Ukoo wake ulikuwa na almasi tatu zilizopandana. Watawala wa Tosa, ukoo wa Yamauchi, walikuwa na majani matatu ya mwaloni. Mbili hizo zikachanganywa, ndiyo alama unayoifuta grisi kila siku.

Nembo hizo huitwa kamon. Mimi zilinishika moyo Gikomba, nilipokuta kimono nyeusi kwenye mtumba. Ua moja jeupe, dogo, limerudiwa mara tano: mgongoni, kwenye kila mkono, na kifuani kulia na kushoto. Nikadhani ni pambo tu. Kumbe nguo inataja ukoo wa mvaaji, na tano ndiyo heshima ya juu kabisa! Tangu hapo sijaacha kuzichunguza. Tokugawa, ukoo wa mashogun waliotawala Japani zamani, walitumia majani matatu. Mfalme wa Japani ana ua la krisanthemu lenye petali 16. Nyingi hukaa ndani ya duara, na wachoraji wa jadi walizipima kwa bikari ya mwanzi.