Borrow na lend, usichanganye

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini ticha kakukata maksi kwa "borrow me your pen". Hilo kosa linatoka kwenye Kiswahili chetu, maana kuazima tunakutumia pande zote mbili, nimeazima kalamu kwa Asha, Asha kaniazima kalamu, neno lile lile. Kwenye Kiingereza hamna hiyo. Anayepokea ndo ana-borrow, anayetoa ana-lend, basi. Ukisahau fikiria kukopa na kukopesha, hapo hata sie tunatenganisha. Kwa hiyo sema "lend me your pen" au "can I borrow your pen", na ucheki kinachofuata, una-borrow "from" mtu, una-lend "to" mtu. Lend ikiwa jana inageuka "lent", sio "lended", hiyo nishaisikia mpaka ofisini jamani 😂 Wamarekani utawasikia "loan me", kwao poa tu ila kwenye mtihani we andika lend. Cha kuchekesha sasa, sisi unga wa jirani tunakopa, sufuria tunaazima, wao vyote borrow.