Fuwele Hufumwa au Husukwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha kemia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Wanafunzi wa klabu ya sayansi wameniomba makala ya Kiswahili kuhusu vitu vipya vinavyotengenezwa kwa kupitisha molekuli ndefu juu na chini, kama nyuzi za nguo. Nimeandika hivi: "Nyenzo za molekuli zilizosukwa kwa nanoteknolojia zitatumika kutengeneza fulana za kuzuia risasi." Mwenzangu wa idara ya Kiswahili amekata "zilizosukwa" kwa wino mwekundu, akaweka "zilizofumwa". Mimi naona kusuka ndiyo lugha ya watu. Hata nondo tunasuka. Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kwenye kitenzi hicho nipo upande wa mwenzako, lakini wino wake umeishia njiani. Katika sentensi yako, "zilizosukwa" ndilo neno lenye nafuu. Yapo mengine matatu yanayohitaji matibabu zaidi.

Kabla ya kuchagua kitenzi, tukitazame kitu chenyewe. Mwaka 2016 kundi la Omar Yaghi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilitangaza katika jarida la Science fuwele (kitu kigumu ambacho chembe zake zimepangwa kwa mpangilio unaojirudia) iitwayo COF-505. Yaghi alizaliwa Amman, Jordan, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, na ndiye aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2025 pamoja na Susumu Kitagawa na Richard Robson. (Tuzo hiyo ilikuwa ya viunzi vya metali na kaboni vyenye vitundu, si ya kazi hii, usivichanganye kwenye makala yako.) Ili kupata COF-505, walianza na atomu za shaba. Kila atomu ilishika molekuli mbili kwa pamoja, moja ikiwa imekatiza juu ya nyingine. Kisha ncha za molekuli hizo zikaungwa kwa vipande vingine, hadi kila mkono ukawa sehemu ya uzi mrefu. Shaba ilikuwa kiolezo tu cha kuzifanya nyuzi zikatizane mahali panapotakiwa. Mbinu hiyo ya shaba haikubuniwa Berkeley. Jean-Pierre Sauvage wa Strasbourg, Ufaransa, aliitumia mwaka 1983 kupitisha pete moja ya molekuli ndani ya nyingine, naye akapata Nobel mwaka 2016.

Sasa angalia kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachoamua swali lako. Waliiondoa shaba. Nyuzi hazikuachana. Hakuna bondi ya kikemia iliyokuwa imebaki kati ya uzi na uzi pale zinapokatizana, lakini kila uzi ulikuwa umepita juu ya huu na chini ya ule, kwa hiyo hapakuwa na pa kutokea. Muundo wake uliofumwa ulibaki, isipokuwa unyumbufu wake uliongezeka mara kumi. Walipoirudisha shaba, ugumu nao ukarudi.

Nondo zako sasa. Ni kweli mafundi wanasuka nondo, na sitamrekebisha fundi yeyote. Lakini nondo za zege hulazwa hizi juu ya zile, kisha kila makutano hufungwa kwa waya. Kata waya zote, na nondo zitatawanyika chini. COF-505 ikiwa na shaba yake inafanana na nondo zilizofungwa. Ikishatolewa shaba, mfano wa nondo unakufa, na nguo inabaki. Kama msomaji wako atabaki na picha ya nondo kichwani, hataelewa kwa nini jaribio lile liliwashangaza wanakemia.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba Kiswahili kiligawa vitenzi hivi viwili kwa kanuni ya jiometri. Kiligawa kwa kutazama kinachoshikwa mkononi. Ukindu husukwa, nywele husukwa, makuti husukwa, kapu husukwa. Uzi hufumwa. Mkeka wa ukindu una miyaa inayopita juu na chini sawasawa na nguo, na bado hakuna anayesema kaufuma mkeka. Tena mkeka wenyewe hausukwi wote kwa mara moja: kinachosukwa ni ukili, ule mkanda mrefu mwembamba, halafu kili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana utimie. Kiondo kiko mpakani, maana kinatengenezwa kwa uzi wa katani lakini kinatoka kikiwa kapu, na ndiyo maana utasikia wengine wakisema kimesukwa na wengine kimefumwa. Fundi anayezungusha waya wa shaba ndani ya mota naye anasema anasuka mota, ingawa hapo hakuna kinachokatiza chochote. Kusuka kumekuwa na miguu mirefu. Magazeti yetu husuka hata baraza la mawaziri.

Na kwenye vichwa hivyo vya habari kuna jambo wachache wanalitazama: "afumua baraza, asuka upya." Kinachosukwa hufumuliwa. Binti akichoka na mitindo ya wiki iliyopita husema anafumua nywele. Yaani kitendo cha kinyume kinakaa kwenye mzizi wa fuma, hata pale kitendo chenyewe kilipokuwa cha kusuka. Kwa makala yako hii ni faida kubwa, kwa sababu habari yote ya COF-505 iko kwenye sentensi moja: shaba ilitolewa na kitambaa hakikufumuka. Ukiwa umeandika "imefumwa" mwanzoni, "haikufumuka" inakuja yenyewe.

Kwa hiyo andika kufuma. Molekuli hizi ni ndefu, nyembamba, zinapinda, na wanasayansi wenyewe wanaziita nyuzi. Mahali pa uzi ni kwenye kufuma.

Kuna kikwazo kimoja. Mwanafunzi wa leo akisikia kufuma, anamwona shangazi na sindano yake akifuma sweta ya mtoto au vitambaa vya makochi, kazi ya uzi mmoja unaojipinda katika vitanzi. Ufumaji wa nguo kwa nyuzi za pande mbili umetoweka machoni pa wengi. Haikuwa hivyo zamani. Huko Kilwa wanaakiolojia wamechimbua vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyotumika kusokotea uzi wa pamba, na msafiri wa Morocco Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za mji huo zilipelekwa hadi Misri. Karne ya 19 ikaleta merekani, kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, Marekani, na maneno ya kitanda cha mfumi yakaanza kulala kwenye makamusi. Yaamshe. Nyuzi zinazotandwa kwa urefu ni mtande. Zile zinazopitishwa kwa upana ni mshindio. Nimeona watafsiri wakiandika "nyuzi za wima na nyuzi za mlalo" huku maneno haya mawili yapo na hayana kazi.

Yatakufaa hasa ukifika kwenye kazi ya Manchester, Uingereza. Mwaka 2020 kundi la David Leigh wa Chuo Kikuu cha Manchester lilitangaza katika jarida la Nature kitambaa cha tabaka chenye mtande na mshindio wa molekuli. Chuo chao kilieleza kwamba inchi moja ina nyuzi kati ya milioni 40 na 60, wakati kitani bora cha Misri huwa na kama 1,500. Huyo huyo Leigh ndiye atakayekurudishia kitenzi chako ulichopokonywa. Mwaka 2017 kundi lake lilitengeneza fundo la molekuli lenye makutano 8 katika kitanzi cha atomu 192, chenye urefu wa nanomita 20 hivi. Fundo lile ni msuko wa nyuzi tatu ambao ncha zake zimeunganishwa. Nyuzi tatu, zinapokezana katikati, hazina mtande wala mshindio: hapo zimesukwa, na atakayeweka wino mwekundu nitumie jina lake.

Sasa hayo matatu niliyosema.

"Nyenzo." Wewe ni mtu wa sayansi, kwa hiyo unajua kwamba darasani wenzo ni ile mashine rahisi yenye egemeo, na wingi wake ni nyenzo. Mwanafunzi aliyetoka kufundishwa madaraja ya nyenzo atakutana na "nyenzo za molekuli" na atatafuta egemeo liko wapi. Wapo wanaotumia "maada", na si vibaya unapozungumzia vitu hivi kwa ujumla wake. Lakini maoni yangu ni kwamba neno la jumla hapa ni uvivu. COF-505 ni fuwele, iite fuwele. Kazi ya Leigh ni kitambaa, kina tabaka na kina uzi, kiite kitambaa. Kiswahili hakijalemewa na hitaji la kuwa na jina moja la vyote viwili.

"Za molekuli zilizosukwa." Nyenzo na molekuli ni za ngeli moja, kwa hiyo "zilizo-" yako inaning'inia: ni nyenzo zilizosukwa au ni molekuli? Ukisema "fuwele iliyofumwa kwa nyuzi za molekuli", utata umekwisha. Na tafadhali iwe kwa, isiwe na. Kapu husukwa kwa ukindu, husukwa na bibi. "Iliyofumwa na molekuli" inazifanya molekuli kuwa wafumaji. Najua mwanakemia atacheka na kusema hilo nalo lina ukweli, maana hakuna mkono wala sindano inayozipitisha. Zinajipanga zenyewe ndani ya chupa. Basi sema hivyo: zimejipanga. Epuka pia "zimeunganishwa" unapoeleza uhusiano wa uzi na uzi. Kila uzi una bondi za kovalenti, yaani atomu zinazoshirikiana elektroni, kwa urefu wake, na hapo kuunganishwa ni sawa. Lakini uzi kwa uzi hazijaungana popote. Zimepishana.

"Zitatumika." Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na si la msamiati. Wakati ujao kwenye habari za sayansi ni ahadi, na wewe huna cha kuahidi. Tumia -li- kwa lililokwisha kufanyika, na "huenda" pamoja na -ka- kwa matumaini. Yaliyofanyika yapo ya kutosha: kitambaa cha Manchester kilionekana kuwa imara maradufu ya polima (molekuli ndefu ya vipande vinavyojirudia) ileile isiyofumwa, na mwaka 2024 watafiti wa Berkeley walichanganya fuwele zilizofumwa kwenye polima za kawaida, minyororo ya polima ikajipenyeza kwenye vitundu vya fuwele, na plastiki ikawa ngumu zaidi kuvunjika. Huenda siku moja vitambaa vya namna hii vikachuja molekuli ndogo na kuzuia kubwa. Huenda fuwele zenye vitundu zikanasa kaboni dioksidi. Ukipanga vitenzi hivyo, mwanafunzi ataona mpaka wa kilichopo na kinachongojewa bila wewe kuweka onyo lolote.

Fulana ya risasi nayo umeipachika pasipo pake. Habari hiyo, nadhani, uliitoa kwenye kazi ya mwaka 2025 ya kundi la William Dichtel wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Wao hawakufuma. Walitengeneza polima yenye vitanzi vilivyopitana, takriban trilioni 100 za makutano hayo katika sentimita moja ya mraba. Walichanganya asilimia 2.5 ya polima hiyo kwenye plastiki ngumu ya viwandani, nayo ikaongezeka ukakamavu, ndipo mazungumzo ya mavazi mepesi ya kujikinga yalipoanzia. Kitu cha vitanzi vilivyopitana tunacho tayari katika lugha: ni dirii, vazi la vita la pete za chuma. Dirii ya molekuli, basi. Haifumwi wala haisukwi; pete zake hupitana.

Kuhusu "nanoteknolojia", sina ugomvi mkubwa. Kiswahili huanza na kinachoelezwa, kwa hiyo "teknolojia ya nano" inakaa vizuri zaidi mdomoni, lakini yote mawili yanachapishwa. Jipendeze. Ninachokuomba ni kuwaambia wanafunzi nano ni kiasi gani: milimita moja ina nanomita milioni moja.

Ningekuwa mimi, ningeandika: "Mwaka 2016 wanakemia wa Berkeley walipata fuwele iliyofumwa kwa nyuzi za molekuli. Nyuzi zake zinapishana juu na chini bila kuungana, na hata shaba iliyozipanga ilipoondolewa, fuwele haikufumuka. Huenda fuwele za namna hii zikasaidia kupata plastiki imara zaidi." Mpelekee mwenzako wa idara ya Kiswahili aisome kabla ya wanafunzi. Akitaka kubadilisha "zinapishana" kuwa "zinapitana", mkubalie. Hapo hata mimi huwa nayumba.