Kabla ya kuuliza mtoto ana ugonjwa gani, tazama haya matatu

Mtoto akichemka usiku, swali la kwanza linalomjia mzazi ni "ana nini?" Nimelea watoto kadhaa, na siku hizi swali hilo naliweka kando kwanza. Jina la ugonjwa atalisema daktari. Ninachoweza kukijua mimi, hapohapo kitandani, ni anavyopumua, anavyonyonya au kunywa, na mara ya mwisho alikojoa saa ngapi. Majibu ya hayo matatu ndiyo yanayoniambia kama tulale nyumbani au tutoke.

Chukua homa. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye nyuzi joto 39 anayecheza na kudai maziwa hanitishi kama yule mwenye 38 aliyelegea na kukataa titi. Isipokuwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 3. Huyo akifika 38 anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama ananyonya vizuri, kwa kuwa kwa wachanga maambukizi makali hujificha. Na kama unaishi penye malaria, homa ya umri wowote ipimwe damu siku hiyohiyo.

Dawa ya homa hupimwa kwa uzito. Paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kwa hiyo wa kilo 8 anahitaji kati ya 80 na 120. Unarudia baada ya saa 4 hadi 6, na haizidi mara 4 kwa siku nzima. Soma chupa kila unaponunua, maana dawa za maji hutofautiana nguvu, na pima kwa bomba la dawa, kwani vijiko vya jikoni havilingani. Aspirini usimpe mtoto kabisa. Kumwogesha maji baridi nako acha: humfanya atetemeke, na kutetemeka huongeza joto. Punguza nguo, mnyonyeshe zaidi, inatosha.

Kuhara ndiko ninakokuogopa kuliko mafua yote, na ndiko mzazi anakoweza kusaidia zaidi. Kinachomdhuru mtoto upesi ni maji na chumvi vinavyomtoka, hivyo kazi yetu ni kuvirudisha. ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ikorogwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi lita 1 ya maji safi, wala usigawe pakiti kwa kukisia. Ikipita saa 24 imwage, utengeneze nyingine. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha maji, kwa kijiko, taratibu. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole zaidi. Wazazi wengi hukata tamaa hapa wakidhani tumbo limeikataa, kumbe alinyweshwa haraka mno. Kunyonyesha kusisimame. Omba pia zinki kituo cha afya: miligramu 10 kwa siku kwa walio chini ya miezi 6, 20 kwa wakubwa zaidi, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumeshakoma. Dawa za kufunga choo si za watoto wadogo.

Mafua yanamsumbua mchanga kwa sababu yeye hupumua zaidi kwa pua. Ikiziba, hawezi kunyonya vizuri. Matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa, kisha kuvuta kamasi kabla ya kumnyonyesha, yamenisaidia kuliko dawa yoyote ya kikohozi, na hizo hazifai kwa wadogo hawa. Asali ni ya waliotimiza mwaka, kamwe si kabla. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake dakika nzima: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 12, 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, hayo si mafua tu. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, usingoje kuche.

Vipele vya nepi huondoka kwa hewa na krimu yenye zinki; vikiingia kwenye mikunjo na kuzungukwa na vidoa vyekundu, huenda ni fangasi, na dawa yake ni nyingine. Meno yanayoota huleta udenda na usumbufu. Kuhara na homa kali usiyasingizie.

Halafu kuna kilio cha jioni cha mchanga mwenye afya, ambacho mara nyingi huzidi karibu na wiki ya 6 na kupungua kufikia mwezi wa 4. Ukielemewa, mlaze chali mahali salama, toka nje upumue, au mpe mtu unayemwamini. Usimtikise hata mara moja. Ubongo wake hauwezi kustahimili.

Degedege, damu kwenye choo, matapishi ya kijani, macho au utosi ulioingia ndani, kutokojoa kwa saa nyingi, au mtoto asiyeamka vizuri: hayo ni ya hospitali, saa yoyote. Nenda na karatasi yenye saa ya kila dozi, uzito wake, na lini alikojoa mara ya mwisho. Ni mambo ambayo daktari atayauliza mapema, na usiku kichwa huwa hakiyakumbuki.