Usiihukumu Sensa ya Hewa Kabla ya Kuipima

Sensa ya kwanza ya hewa niliyowahi kununua, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, sikuihitaji. Gari langu lilikuwa limeanza kusumbua kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Nikisimama tu foleni, mshale wa mizunguko unapanda hadi 1,200, unashuka karibu na 500, unapanda tena, kama mtu anayesinzia na kushtuka. Taa ya injini ikawaka. Fundi akachomeka mashine ya kusoma makosa, ikatoa msimbo P0171, na kabla hata hajafungua boneti akaniambia, "Hiyo ni sensa ya hewa, bosi wangu. Lete mpya." Nikaleta. Taa ikazimika siku mbili, nami nikajiaminisha kwamba hata sailensa imetulia. Siku ya tatu taa ikarudi.

Zile siku mbili ndizo zinazowaponza wengi. Fundi akishafunga kifaa kipya hufuta misimbo, na kompyuta ya gari huanza kujifunza upya. Kwa kawaida haiwashi taa mpaka ilione kosa lilelile kwenye safari zaidi ya moja. Taa ilikuwa imezimika kwa sababu imefutwa, si kwa sababu gari limepona.

Halafu tuangalie huo msimbo wenyewe. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi mno kulinganisha na mafuta, basi. Haijataja sensa yoyote. Hata P0101, ambayo kweli inaitaja sensa ya hewa, inasema tu kwamba kipimo chake hakilingani na kile kompyuta ilichotarajia, na paipu iliyopasuka inaweza kuleta hali hiyohiyo. P0102 na P0103 ni habari nyingine: ishara iko chini mno au juu mno, na hapo mimi huanza na waya na soketi.

Sensa yenyewe ni kitu rahisi kukielewa. Imekaa kwenye paipu kati ya boksi la chujio la hewa na throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Ndani yake mna uzi mwembamba, mwembamba kuliko unavyodhani, unaopashwa moto na umeme. Hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake ndio kipimo cha hewa iliyoingia. Kompyuta inakitumia kipimo hicho kuamua imwage mafuta kiasi gani. Sasa uzi ukishika vumbi na mafuta, uchafu unakuwa blanketi. Hewa inapita lakini uzi hauipati sawasawa, sensa inaripoti hewa pungufu, mafuta yanamwagwa kidogo, na gari linakuwa zito mlimani na kusita ukikanyaga. Ikikosea upande wa pili, ikaripoti hewa nyingi kuliko iliyopo, utaona moshi mweusi na tanki linaisha haraka. (Kuna magari hayana sensa hii kabisa, yanapima mgandamizo kwenye manifodi, zile paipu zinazogawa hewa kwenye silinda. Angalia kwanza kama unayo.)

Kilichonifungua macho ni namba mbili ambazo hata mashine ya bei rahisi inaonyesha: STFT na LTFT. Hayo ni marekebisho ya mafuta, ya papo hapo na ya muda mrefu, kwa asilimia. Zikicheza karibu na sifuri, kompyuta imeridhika. Zikipanda sana upande wa kujumlisha, inaongeza mafuta kwa sababu sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye ekzosi, inalia kwamba hewa imezidi. Mafundi wengi wanaziangalia mara moja, gari limesimama, wanafunga. Kosa liko hapo. Zisome mara mbili: gari likiwa kwenye sailensa, kisha ukishikilia mizunguko kwenye 2,500.

Za kwangu zilikuwa +22 kwenye sailensa, na nilipokanyaga zikashuka hadi +4. Fikiria maana yake. Kama hewa inaingia kwa tundu nyuma ya throto, bila kupita kwenye sensa, wakati wa sailensa hewa hiyo ya wizi ni sehemu kubwa ya yote inayoingia. Ukikanyaga, throto inafunguka, hewa halali inakuja kwa wingi, na ile ya wizi inamezwa. Sensa chafu hufanya kinyume: hewa inavyozidi ndivyo inavyozidi kudanganya. Basi gari langu lilikuwa linavuja, na sensa ilisingiziwa bure.

Kuupata huo uvujaji kulinichukua Jumamosi nzima. Ulikuwa kwenye mpira mfupi unaopeleka mvuke wa injini kwenye manifodi, pale kwenye kona, upande wa chini. Kwa juu mpira ulionekana mzima kabisa. Nilipoupitisha kidole chini yake ukazama kama embe lililoiva, maana mvuke wa oili ulikuwa umeulainisha miaka na miaka, na ufa ukafunguka chini ya kucha yangu. Niliuziba kwa kidole na sailensa ikatulia palepale. Nikabadilisha mpira, nikairudisha sensa ya zamani, na LTFT ikashuka taratibu kwa siku kadhaa.

Gari lililofuata lilikuwa na injini ya lita 1.8, na hili lilikuwa gonjwa kweli. Kwenye sailensa +3, nzuri tu. Kupanda mlima, +19. Hata hivyo sikukimbilia dukani, kwa sababu pampu ya mafuta iliyochoka au chujio la mafuta lililoziba huleta picha hiyohiyo. Hapo ndipo hesabu inasaidia.

Injini ya mipigo minne ya lita 1.8 humeza takriban lita 0.9 za hewa kila mzunguko. Kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, yaani kama 83 kwa sekunde, hiyo ni lita 75 kila sekunde. Lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.2 hivi, kwa hiyo kama injini ingejaa kikamilifu ungepata gramu 90 kwa sekunde. Injini za kawaida hazijai kikamilifu, na mahali pa juu au penye joto kali hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo 70 na kitu ningeridhika. Tukatafuta barabara nyoofu isiyo na watu, gia ya pili, mguu mpaka chini, mwenzangu akisoma mashine (usijaribu kusoma mwenyewe huku unaendesha). Ilifika 48 ikakwama. Kwenye sailensa ilikuwa inasoma gramu 2 na ushee, kipimo ambacho kisingemshtua mtu. Injini yenye joto, ikiwa kwenye sailensa, gramu zake kwa sekunde huwa karibu na idadi ya lita zake au juu kidogo.

Nikachomoa soketi ya sensa injini ikiwa imezimwa, nikawasha. Bila sensa, magari mengi hutumia makadirio ya kompyuta. Lilivuta vizuri zaidi, na pampu iliyochoka isingepona kwa kuchomoa waya. Ila usilifanye jaribio hili kuwa hakimu peke yake, maana magari mengine hujibana nguvu au kuzima kabisa.

Nilipoitoa sensa, uzi ulikuwa na nywele ya vumbi imejizungusha, kijivu, inang'aa kwa oili. Mwenye gari aliyenitangulia alikuwa amefunga chujio lile la kupakwa mafuta, na alilipaka kupita kiasi. Kusafisha ni dakika kumi: dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa hii tu. Si ya breki, si ya kabureta. Usiguse uzi kwa kidole, pamba wala brashi, na usiupulize kwa kompresa. Uache ukauke wenyewe kabla ya kurudisha. Baada ya hapo, barabara ileile, 71.

Isingepanda, ndiyo ningenunua. Na hata hapo ningelinganisha namba ya kifaa herufi kwa herufi, maana sensa bandia huingia vizuri kwenye tundu na kusoma ovyo.

Ukirudisha, hakikisha mpira wa duara haujakunjika na mshale uliochorwa kwenye sensa unaelekea injini. Soketi isukume hadi usikie "tak". Siku ile mimi sikuisikia, na gari likazima kabla sijatoka getini.