Gole la kuku hupapaswa alfajiri

Kwa miaka kadhaa nilifuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba bila kujishughulisha na magole yao, hadi tetea wangu mmoja alipoanza kujitenga na wenzake, akidonoa punje na kuziacha, huku kifua chake kimevimba upande wa kulia. Jirani mmoja alisema ni mdondo (kideri, ugonjwa wa kuambukiza wa kuku), mwingine akasema ni yai lililokwama. Kumbe tatizo lilikuwa gole, yaani ule mfuko ulio chini ya shingo ambamo chakula hukaa na kulainika kabla ya kushuka tumboni na kwenye firigisi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpapasa jioni. Jioni gole la kuku mzima hujaa, kwa kuwa kuku hula sana kabla ya kupanda kulala, na chakula hicho hushuka polepole usiku kucha. Kipimo cha kweli ni alfajiri, kabla hujawapa chochote: gole la kuku mzima huwa limenywea kiasi kwamba vidole hulipata kwa shida. Ukilikuta bado limejaa, chunguza limejaa nini. Likiwa gumu kama bonge la ugali uliolala, limeziba. Likiwa laini na linachezacheza kama puto la maji, na mdomo unanuka kama pombe iliyochacha, chakula kimechachukia humo, na mara nyingi ukungu uitwao Candida umezaliana.

La tetea wangu lilikuwa gumu. Nilimtenga, nikamnyima chakula siku nzima lakini nikamwachia maji safi, nikamdondoshea mililita mbili tatu za mafuta ya alizeti kando ya mdomo, tone baada ya tone ili asipaliwe, kisha nikalikanda gole kwa upole kwa dakika tano hivi, mara nne kwa siku. Kuku wengine niliowatibu baadaye walipona kwa njia hii. Yeye hakupona, na siku ya tatu daktari wa mifugo alilipasua gole, akatoa fundo la majani makavu lililosukwa pamoja na nyuzi za viroba, vile viroba chakavu nilivyovitandika mwenyewe bandani.

Kwa gole lililochacha, mafuta hayasaidii kitu. Wengi wetu hukimbilia antibayotiki za dukani, nazo huweza kuzidisha ukungu kwa kuua bakteria wanaouzuia. Dawa inayofaa ni ya kuua ukungu, kama nistatini, kwa kipimo atakachotoa daktari. Ipo pia desturi ya kumning'iniza kuku kichwa chini ili atapike. Sikushauri hata kidogo, kwa sababu majimaji yale huingia kwenye mapafu kwa urahisi na kuku akafia mikononi mwako. Ukiona pia kinyesi cha kijani, au kuku wawili watatu wamezubaa kwa wakati mmoja, usipoteze muda na gole. Huenda ni mdondo kweli, na gole limesimama kwa sababu kuku anaumwa mwili mzima.

Siku hizi banda langu lina pumba za mbao badala ya viroba, kopo la changarawe halikauki, na majani ninayowapa nayakata mafupi. Yule tetea alirudi kutaga, na alfajiri ninapopita na tochi bado ndiye ninayeanza naye.