Usiogope Kukatiza Shamba la Mtu: Matembezi Mepesi Kuanzia Bourton-on-the-Water

Waswahili wengi ninaowafahamu hapa Uingereza wamekaa miaka na miaka bila kukanyaga kijijini. Wanaijua London, wanaijua Leicester, wanaijua njia ya kwenda kazini na kurudi. Ukiwauliza kwa nini hawaendi mashambani, jibu ni lilelile: kule ni mali za watu, tutapitaje? Hofu hiyo naielewa, maana ndivyo tulivyolelewa. Huingii eneo la mtu bila kupiga hodi.

Ila hapa England hodi imeshapigwa na sheria. Njia ya miguu iliyoandikishwa ni ya umma, hata ikipita katikati ya ngano ya mwenyewe. Mkulima akiilima njia inayokatiza shamba lake, anatakiwa airudishe ndani ya siku 14, iwe na upana usiopungua mita moja. England na Wales kwa pamoja zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma za namna hiyo, na halmashauri ya kila eneo inatunza ramani rasmi inayozionyesha. Haki hii watu waliipigania. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watembeaji, wengi wao vijana wa viwandani, waliupanda mlima Kinder Scout huko Derbyshire kupinga kufungiwa milima, na baadhi yao wakatupwa jela. Mwaka 1949 ikatungwa sheria iliyozilazimisha kaunti kuchora ramani hizo. Kwa hiyo unapopita pale, hujaiba kitu na hufanyiwi hisani.

Mahali ninapowapeleka wageni wangu mara ya kwanza ni Bourton-on-the-Water, kijiji cha Gloucestershire katika vilima vya Cotswolds. Usafiri hausumbui hata kwa asiye na gari: unapanda treni London Paddington, au uidakie Reading au Oxford, unashuka Moreton-in-Marsh, kisha unachukua basi namba 801 linalopitia Stow-on-the-Wold. Angalia ratiba kabla ya kutoka nyumbani, hasa Jumapili na sikukuu, kwa sababu mabasi ya vijijini hayana mchezo: likikupita, unaweza kungoja sana.

Wikiendi ya kiangazi utakuta Bourton imefurika. Watoto wamo ndani ya mto Windrush, ambao maji yake hapo katikati ya kijiji ni kina kifupi tu, na watu wazima wamepanga foleni ya aiskrimu karibu na vile vidaraja vya mawe. Usikate tamaa ukadhani umefuata kelele. Tumia choo, maana njiani hakuna, jaza maji, halafu elekea kaskazini-magharibi hadi barabara kuu ya A429. Hii ndiyo Fosse Way, barabara iliyoanzishwa na Warumi, na magari yanapita kwa kasi, basi shika watoto mikono. Ukishavuka, kibao cha Lower Slaughter kitakupokea, na kelele zote zinabaki nyuma yako.

Kutoka Bourton hadi Lower Slaughter ni kama kilomita mbili na nusu, karibu tambarare yote. Hata mzazi mwenye magoti mabovu anafika, mradi msimkimbize. Kijiji chenyewe kimejengwa kwa mawe ya chokaa ya manjano, mawe yaleyale yaliyomo chini ya vilima hivi, na mto Eye unapita katikati, umevukwa kwa vidaraja vya mabamba ya jiwe. Mwisho wa kijiji kuna kinu cha zamani cha kusagia nafaka, gurudumu lake la maji bado lipo, na bomba lake la moshi la matofali mekundu ndilo pekee lisilofanana na chochote kinachokizunguka. Mimi hukaa hapo kuliko mahali popote njiani. Kaa nawe, mimina chai.

Wenye nguvu waendelee hadi Upper Slaughter, kama kilomita moja na nusu mbele, kwa njia inayoitwa Warden's Way. Inapita pale kinuni, inafuata mto, kisha inaingia kwenye malisho. Upper Slaughter ni miongoni mwa vijiji vichache sana nchini ambavyo watu wake wote waliokwenda kupigana, katika Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili, walirudi hai. Karibu kila kijiji kingine cha England kina mnara wenye majina ya waliokufa, na ukishasoma minara mingi ya namna hiyo utaelewa kwa nini nakutaka ufike hapa. Kwenda na kurudi Bourton, yote haizidi sana kilomita nane.

Sasa namna ya kusoma njia, maana hapa ndipo wageni wanapopata wasiwasi. Tazama nguzo na mageti: mshale wa njano maana yake njia ya waendao kwa miguu, wa bluu ni njia ambayo farasi na baiskeli pia wanaruhusiwa. Ukiwa na ramani ya Ordnance Survey ya kipimo cha 1:25,000 (ya eneo hili ni OL45), njia hizo zimechorwa kwa vistari vya kijani, vifupi kwa miguu, virefu kwa farasi. Vistari vyeusi visikudanganye. Vinaonyesha kwamba njia ipo, havisemi kwamba una haki ya kuipita. Na fuata mstari wenyewe. Scotland sheria ya mwaka 2003 inakuruhusu kutembea karibu kila mahali kwa ustaarabu. England nje ya njia na maeneo yaliyofunguliwa rasmi, huko sasa ndiko kwa mtu.

Kuna geti moja utakutana nalo sana. Ni dogo, linabembea ndani ya uzio uliopinda nusu duara. Unalisukuma, unaingia kwenye ile kona, unalirudisha nyuma yako, unatokea upande wa pili. Anapita mtu mmoja mmoja, na ng'ombe hawezi. Mageti ya kawaida yaache ulivyoyakuta: lililofungwa lifunge, lililoachwa wazi liache.

Ng'ombe wenye ndama wapishe mbali, usipite kati ya mama na mwanawe, wala usikimbie. Ukiona wamekaa juu ya njia, zunguka kwa utulivu kisha urudi njiani. Mbwa nao ni wengi, na wengine hawafungwi kamba. Kama watoto wanaogopa, au hupendi mbwa akuguse kwa sababu ya udhu, simama na umwambie mwenyewe mapema amshike. Karibu wote wanamshika bila kinyongo.

Halafu utashangaa jambo moja. Yule Mwingereza ambaye kwenye treni hakukutupia hata jicho, huku njiani anakusalimia. Itikia, salimia na wewe wa kwanza. Watoto wetu wanaokulia huku wanahitaji kuyaona haya, na wanahitaji kujua kwamba njia ile ni yao sawasawa na ya yule aliyezaliwa kijijini pale.

Vaa suruali ndefu hata kiangazi. Kandokando ya njia kunaota majani ambayo ukiyagusa ngozi inawaka kama umepakwa upupu, na kwenye nyasi ndefu kuna kupe wanaoweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, basi mkaguane miguu mkifika nyumbani. Kwenye malisho mvua ikinyesha matope ni mengi. Viatu vyenye meno, soksi za akiba kwenye mfuko. Chakula beba chako. Baa za vijijini nyingi husimamisha jiko alasiri, na kwa anayekula halali haziaminiki. Chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai vinatosha kabisa. Desemba jua linazama mnamo saa kumi jioni, kwa hiyo majira hayo ishieni Lower Slaughter tu.

Kama umekuja na mama kutoka nyumbani, au na mtoto mdogo, na kilomita nane ni nyingi, kuna Greystones Farm palepale mashariki mwa Bourton, shamba linalotunzwa na Gloucestershire Wildlife Trust. Ndani yake kuna Salmonsbury, ngome ya kale ya Zama za Chuma ambayo tuta lake bado linaonekana, na fisimaji wanaishi kwenye mito yake ingawa ni nadra kuwaona. Nendeni mapema mwezi wa Juni, maua yakiwa tele, kabla nyasi hazijakatwa.