Ardhi imetikisika, na huku tuliambiwa hakuna matetemeko!

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nakaa ghorofa ya 3, majuzi mchana nikasikia mngurumo chini kama lori kubwa linapita, nikajua ni lori kweli, mara maji kwenye glasi yakaanza kucheza, kabati likawa linagonga ukuta, taa ya juu inabembea, nikakamata watoto tukashuka ngazi mbio mpaka nje. Ilikuwa sekunde chache tu ikaisha. Sasa wengine wanasema ni baruti za mgodi, wengine eti sisi hatupo kwenye njia ya matetemeko kwa hiyo haiwezekani. Tangu siku hiyo mlango ukibamizwa tu moyo unanilipuka, usiku silali. Lilikuwa tetemeko kweli? Na litarudi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana wewe na watoto. Baruti nazo zinatikisa nyumba, ila kwa ulivyoeleza mimi naona ni tetemeko, sababu umesikia ngurumo kwanza ndo ikafuata kuyumba. Tetemeko linatoa mawimbi ya aina mbili, ya kwanza yanakimbia zaidi, kama kilomita 6 kwa sekunde kwenye miamba, na ndo mara nyingi yanaleta ule mngurumo, alafu yanakuja yale ya polepole zaidi yanayoyumbisha, hayo ndo yamegongesha kabati lako. Na karibu kila mtu asiyezoea anadhani ni gari, kwa hiyo usijione mjinga hata kidogo. Kuhakikisha kabisa, waulize watu wa jiolojia wa nchi yako, mashine zao zinarekodi. Pia tovuti ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani, inapokea taarifa za walioguswa na tetemeko popote duniani, ingia ujaze ulichokiona.

Hilo la "hatupo kwenye njia" linanikera, maana ndo linafanya watu wasijiandae. Ni kweli matetemeko mengi yanatokea kwenye mipaka ya mabamba ya dunia, yaani vile vipande vikubwa vya miamba vinavyounda tabaka la juu la ardhi, lakini presha ya huko mipakani inasafiri mpaka katikati ya bamba, na huko katikati kuna nyufa za zamani sana zimelala, siku moja mmoja unateleza. Tarehe 23 Agosti 2011 Virginia, mashariki mwa Marekani, ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.8, likasikika mpaka Kanada, na mnara wa Washington ukapata nyufa ukafungwa kwa matengenezo hadi 2014. Lilifika mbali hivyo kwa sababu miamba ya maeneo yaliyotulia ni mikongwe, baridi na imeshikana, inapitisha mtikisiko vizuri kuliko miamba ya Kalifornia iliyovunjikavunjika. Newcastle kule Australia mwaka 1989 lilikuwa la 5.6 tu na watu 13 wakafariki. Namba yenyewe siyo kubwa, tatizo majengo mengi hayakujengwa kwa kutegemea kitu hicho.

Sasa ngazi. Mdogo wangu naomba hili ulishike, usikimbilie ngazi wakati jengo bado linatikisika. Watu wengi wanaumia kwa kuanguka wakikimbia au kwa kuangukiwa na vitu, na pale nje mlangoni ndo tofali, vioo na vigae vinadondokea. Piga magoti, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa na shingo, shikilia mguu wa meza maana na yenyewe inahama. Hakuna meza? Jikunje pembeni ya ukuta wa ndani mbali na dirisha na kabati, funika kichwa kwa mikono. Likitulia ndo mtoke taratibu, lifti msiguse. Na hilo kabati likazwe ukutani kwa skrubu wiki hii, usisubiri!

Kurudi linaweza, mitetemo midogo baada ya lile la kwanza ni kawaida, inaendelea siku au hata wiki huku inapungua. Mara chache linakuja kubwa kuliko la kwanza, kwa hiyo kagua kuta, ukiona ufa mpya wa mshazari kwenye kona za madirisha au nguzo imepasuka muite fundi anayejua majengo, msilale humo mpaka akague. Huo moyo kudunda nao ni wa kawaida, mwili bado unalinda, kwa wengi unaisha wenyewe. Fanyeni zoezi la kuingia chini ya meza na watoto, mtoto akijua pa kwenda hofu inapungua na yako pia. Zikipita wiki kadhaa bado hulali, nenda kamuone daktari.

SWALI: Dada, baba alitufundisha tusimame kwenye fremu ya mlango. Ni sahihi?

JIBU: Baba alifundisha kilichokuwa kinafundishwa. Kwenye nyumba za sasa fremu haina nguvu kuliko ukuta mwingine, na mlango wenyewe ukibamiza unakuvunja vidole. Chini ya meza ndo bora.

SWALI: Kwenye grupu la WhatsApp wametuma kwamba kubwa zaidi linakuja leo saa 4 usiku. Tulale nje?

JIBU: Hakuna mwanasayansi wala mashine inayoweza kusema tetemeko litakuja siku fulani saa fulani. Ujumbe wenye saa kamili ni uongo, ufute na usimforwadie mtu. Kama nyumba haina ufa laleni ndani, viatu na tochi viwe karibu na kitanda, maana baada ya mtikisiko sakafu inajaa vioo na umeme unaweza kukatika. Ukinusa gesi, zima mtungi, usiwashe chochote hata swichi ya taa, toka nje, na ndugu zako watumie meseji badala ya kupiga simu, mtandao unazidiwa haraka sana saa hiyo.